Makofi Hayaingii Kwenye Ripoti

Juzi msomaji wa Mtwapa aliniandikia: "Dada, tumeitwa kutoa maoni kuhusu moshi wa kiwanda. Niseme nini?" Nikacheka, kisha hasira zikanirudi upya. Mimi nilishaitwa.

Mara ya kwanza nilisimama barazani nikapayuka. Masizi kwenye nguo za kuanika, kikohozi cha mwanangu, sikubakisha kitu. Watu wakanipigia makofi, mzee wa mtaa akanipa mkono. Tukanywa soda, tukatia sahihi karatasi isiyo na kichwa, tukaenda zetu. Ripoti ilipotoka, majina yetu yamebandikwa nyuma, na mbele imeandikwa kwamba jamii haikuwa na pingamizi. Mimi ni nambari 14. Hadi leo soda ya machungwa hainipiti kooni.

Mara ya pili nilinyamaza. Nikanunua daftari, kila siku nikaandika moshi umeanza saa ngapi na upepo unatoka wapi. Ndipo nikang'amua: wenye ripoti waliipima hewa Januari, msimu wa kaskazi, moshi ukitupa mgongo. Nyumba zetu ziko kaskazini mwa kiwanda, na kinachotutesa ni kusi. Mvuvi yeyote angewaambia hilo, ila nani alimuuliza mvuvi? Nikaandika ukurasa mmoja tu, nikaupeleka mwenyewe kabla ya siku ya mwisho, nakala yangu ikagongwa muhuri. Julai walirudi kupima. Ndiyo, najisifu, na nina haki.

Kwa hivyo jamani, andikeni. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyasimamia. Soda si ushiriki! Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (NET) ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisi tunakaa vibarazani tukilaani moshi, tarehe ya maoni inapita. Andika, peleka, gongesha muhuri. Usipewe muhuri, usiondoke.

Nawe dadangu wa Mtwapa, karatasi ya mahudhurio ikikufikia, tazama juu kwanza. Ikiwa haina kichwa, kiandike wewe kwa kalamu yako, ndipo utie sahihi.