Cha bure kina mwenyewe

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni nikaunguza maharage. Unaniuliza kama ni kosa kununua mtungi wa gesi kwa mtu aliyepewa bure, ukamlipa sh 20,000 yake mkononi, alafu ukauze mjini kwa sh 35,000 kwa wanafunzi wa chuo, maana dada yako kakuita mlanguzi kwenye grupu la familia na watu wote kimya. Na mimi nilikuwa kimya, najua umeona, tiki za bluu hazifichi kitu. Ila usidhani nilinyamaza kwa kuwa namuunga mkono dada yako, huyo unamjua tangu mdogo, hakimu bila mahakama.

Na hilo neno mlanguzi aliache. Sisi tuliokuwepo 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita na wahujumu uchumi, tuliona watu wanamwaga sukari usiku wakiogopa msako. Mlanguzi alikuwa anaficha bidhaa ili ikosekane kwanza, ndo auze anavyotaka. We hujaficha kitu, unabeba mtungi juani unaupeleka unakotakiwa. Hapo nakutetea.

Ila unajua nnachosema siku zote, bibi yako kaniachia: cha bure kina mwenyewe. Kisicho na bei haimaanishi hakina mtu.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho hata baba yako nilimwambia nusu.

Unakumbuka vile vyandarua vya bure vya 2011? We ulikuwa darasa la sita, ulikifanya goli kile cha kwanza nikakuchapa. Miaka ya nyuma yake chandarua kilikuwa cha kununua, mimi mimba ya mdogo wako 2006 nilipewa Hati Punguzo kliniki, unaenda nayo dukani unaongezea hela kidogo unapata chako, na hata hizo hati kuna wenzangu walizibadilisha kwa sabuni, niliona kwa macho yangu. Alafu ndo ikaja ile kampeni kubwa ya nchi nzima, vyandarua milioni 18 hivi, kila sehemu ya kulala chandarua kimoja. Sikiliza hapo, sehemu ya kulala. Siyo kichwa, siyo kaya. Mwandikishaji anapita nyumba kwa nyumba na daftari anauliza mnalala wapi na wapi.

Sisi tulikuwa na vitanda vitatu. Nikamwambia vitano. Nikamhesabia kochi la sebuleni na ile stoo ya mahindi ambayo hata panya walikuwa wanalala kwa taabu. Akaandika. Wala hakuingia ndani kuangalia, na mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni nimejaa, si unanijua.

Vilipokuja nikachukua vitano, viwili nikamuuzia yule kijana aliyekuwa anazunguka na baiskeli Muheza nzima ananunua, sh 3,000 kimoja. Sita elfu. Viatu vyako vya shule vile vyeusi vya kufunga na kamba, ndo hivyo. Nilifurahi mwanangu, nisikudanganye, nilitembea kutoka sokoni naimba.

Kama wiki mbili hivi, bibi wa mwembeni akanipitia jioni, uso unang'aa. Siku ya kuandikishwa alikuwa Korogwe kumuuguza dada yake, mlango umefungwa, mwandikishaji akapita moja kwa moja. Kwa hiyo hakupata hata kimoja na mkwe wake ana kichanga ndani. Basi akaniambia kapata! Kuna kijana wa baiskeli kamuuzia kwa sh 6,000. Alafu akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nageuza ubavu, akasema, "Mungu ambariki yule mtoto, bila yeye tusingepata."

Nikamwambia amina.

Sasa niambie we uliyesoma, nani kakosa hapo? Yule kijana kapata 3,000 yake, lakini bila yeye chandarua kingebaki stoo kwangu kinafunika mahindi, kile kichanga kingeng'atwa. Kumbe alifanya kazi ambayo serikali ilishindwa. Nimejiambia hivyo miaka yote. Alafu najijibu mwenyewe, we mama, kile chandarua kilikuwa cha yule bibi tangu kiwandani, kakinunua kitu chake, na aliyemkalia mlangoni siyo kijana wa baiskeli, ni wewe na kochi lako. Alafu najibu tena, ningejuaje kama atarukwa? Sikujua. Ila nilijua sina vitanda vitano.

Naona sijakujibu, umeuliza kuhusu anayenunua na mimi nakujibu kuhusu anayeuza. We sio mimi. Hujamdanganya mwandikishaji. Na hao wanaokuuzia naelewa kwa nini wanauza, nimewaona hapa, wanapewa mtungi kwenye mkutano, picha zinapigwa, makofi, gesi inaisha kabla mwezi haujaisha na kujaza ule mdogo wa kilo 6 ni zaidi ya sh 20,000, anaitoa wapi mtu anayeokota kuni bure? Wanasema 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Haya. Mtungi mtupu umekaa uvunguni na mama anapuliza moto macho yanamtoka. Akikuuzia anapata unga. Siwezi kusema usinunue.

Siwezi pia kusema nunua. Nilitaka niseme, nimeandika nikafuta mara mbili.

Na punguza kumjibu dada yako mbele za watu, yeye mwenyewe ile simu ya ofa aliyopewa kazini aliuza, mkumbushe hilo pembeni, siyo kwenye grupu.

Kingine, bibi wa mwembeni naye kapata mtungi mwezi uliopita. Umeisha. Jana kaja kuniuliza, "yule kijana wako si ndo ananunua mitungi?" anataka umpe sh 20,000. Nikamwambia nitakuuliza. Ukija Jumamosi mpitie mwenyewe, mimi hiyo biashara nisiwemo, ila uniambie umempa ngapi. Na uje na mkaa, huku umepanda.

Mama yako