Maswali ya Wasomaji: pH ya Tangi la Matumbawe Inashuka Kila Alfajiri

SWALI: Ndugu Mhariri, nina tangi la matumbawe la lita 300 sebuleni kwangu. Alfajiri kipimo cha pH husoma 7.7, na jioni hupanda hadi 8.0 tu. Aliyeniuzia vifaa alinishauri nitie unga wa kupandisha pH, lakini kila nikiutia kipimo hupanda kwa saa chache kisha hurudi palepale. Sasa alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili tindikali, unaopimwa kwa kizio cha dKH) imefika 12.5 dKH na pampu imeshika ukoko mweupe. Usiku hufunga madirisha yote kwa sababu ya wadudu wa ziwani. Nifanyeje?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Kwanza, acha kutia unga huo leo. Jambo zito kuliko yote katika barua yako ni hayo madirisha, ingawa umeyataja mwishoni kama jambo la kupita.

Maji ya tangi hubadilishana hewa na chumba yalimo. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi kiasi cha sehemu 420 katika kila milioni, lakini ndani ya nyumba iliyofungwa, yenye watu waliolala na pengine jiko la gesi lililowaka hadi usiku, si ajabu kiwango hicho kupita 1,000. Gesi hiyo ikiyeyuka majini hutengeneza tindikali, na pH hushuka. Mchana mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe huitumia kwa msaada wa mwanga wa taa. Gizani hauitumii, ilhali samaki, matumbawe na bakteria wote wanaendelea kupumua, na ndiyo maana kipimo huwa chini kabisa muda mfupi kabla ya taa kuwashwa. Tofauti kati ya 8.0 na 7.7 huonekana ndogo, lakini kwa namna pH inavyohesabiwa ni tindikali iliyoongezeka takriban maradufu.

Unga uliouziwa huongeza alkaliniti, wala hauondoi gesi. Maji ya bahari yana takriban 7 dKH, na matangi mengi ya matumbawe hustawi kati ya 7 na 11. Wewe umevuka hapo, na ule ukoko ni kalsiamu kaboneti inayoganda kwenye sehemu zenye joto, yaani madini yaleyale ambayo matumbawe yangeyatumia kujenga mifupa yao.

Kabla ya kununua chochote, sawazisha kipimo chako kwa vimiminika vya pH 7 na pH 10, kisha chota maji ya tangi katika bakuli, yapeleke barazani na uyapulizie hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja. Yakipanda waziwazi, hata kupita 8.2, basi hewa ya sebuleni ndiyo yenye kosa.

Dawa yake ni mpira mwembamba. Kifaa cha kutoa povu, kile kinachosafisha maji ya tangi kwa viputo vya hewa, hufyonza hewa nyingi mno, kwa hiyo unganisha mpira kwenye tundu lake la hewa, upitishe kwenye tobo dogo la fremu ya dirisha hadi nje, na mdomo wake uufunge kwa kipande cha chandarua ili wadudu wa ziwani wasifyonzwe. Mdomo huo uwe mbali na jiko la mkaa na jenereta. Na siku mnapopuliza dawa ya mbu uchomoe mpira kwanza, maana dawa hizo huua samaki na kamba upesi sana. Asiyeweza kutoboa dirisha anaweza kuweka mwani katika tangi dogo la pembeni, taa yake ikiwaka usiku wakati ya tangi kubwa imezimwa.

Alkaliniti ikisharudi kwenye 8 au 9, waweza kudondosha maji ya chokaa polepole usiku, kwani hupandisha pH na kuongeza kalsiamu kwa pamoja. Tumia kalsiamu haidroksaidi safi. Chokaa ya kupaka ukuta isikaribie kabisa. Na pH ikitulia kati ya 7.9 na 8.3, usiihangaikie tena.

SWALI: Je, naweza kutumia maji ya Ziwa Victoria kujazia yale yanayopungua tangini kwa mvuke?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Umefikiri vyema kwa upande mmoja, kwa kuwa maji yakipanda kama mvuke huacha chumvi tangini, hivyo ya kujazia lazima yawe baridi na si ya chumvi. Lakini maji ya ufukwe wa mjini hubeba fosfati na naitreti, virutubisho vilevile vinavyonenepesha magugumaji, na kwa kuwa navyo havipandi na mvuke, vitalimbikana wiki hadi wiki mpaka mwani ufunike matumbawe. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando. Kuyachemsha ya ziwa hakutoshi: vijidudu hufa, fosfati hubaki yote.