Binti akipata mimba, anzeni na kliniki

Kwetu Rungwe mimba ya mwanafunzi ikigundulika, kinachoitishwa kwanza ni kikao. Wajomba wanakuja, mashangazi tunakuja, chai inachemshwa, binti anakalishwa mkekani na kuulizwa "ni nani?" mpaka jua linazama. Kikao kikivunjika kinapangwa kingine, safari hii na wazee wa upande wa kijana. Wiki zinakatika, na mimba haisubiri wazee wakubaliane.

Binti wa kaka yangu aliletwa kwangu Uyole, Mbeya mjini, baada ya vikao vya namna hiyo. Alikuwa kidato cha pili, tumbo limeshaanza kuonekana chini ya sweta la shule, na hakuwa amepimwa chochote, si damu wala presha. Kaka alitaka nimfiche mpaka ajifungue. Nikamwambia nitampokea, ila kesho yake asubuhi tunakwenda kliniki. Wifi alinishukuru kwa simu kwa sauti ya chini, kaka alinuna.

Naandika kwa ajili ya shangazi au dada mwingine atakayeletewa binti hivyo, maana huku si jambo la nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Jirani zetu wa Songwe, ambao mpaka mwanzoni mwa 2016 tulikuwa mkoa mmoja, ni 45 katika kila 100, wengi kuliko mkoa wowote nchini.

Jiandae na swali la "mwenzako yuko wapi?" Kliniki wanataka mama aje na mwenza wapimwe VVU pamoja, na wana sababu: Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zinazoongoza kwa maambukizi Tanzania. Ila kwa mtoto wa umri ule swali hilo linatosha kumrudisha nyumbani moja kwa moja. Sisi tuliambiwa tukalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Sikubishana. Nilimwacha kwenye benchi, nikapanda bajaji, nikarudi na barua, tukahudumiwa siku ileile. Kwa hiyo msindikize mwenyewe, na hiyo barua itafute kabla hujaambiwa.

Akipewa kadi ya kliniki, isome. Ina sehemu ya vidokezo vya hatari, na umri chini ya miaka 20 umo. Muulize nesi: huyu azalie wapi? Zahanati ya karibu inaweza kuwa nzuri kwa mama wa uzazi wa pili; kwa binti ambaye nyonga zake bado hazijakomaa, tafuteni mahali penye chumba cha upasuaji. Uchungu ukipingamana ukachukua siku mbili kijijini, mtoto anaweza kufa na mama akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kizuizi. Inatibika, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu bila malipo, lakini ni heri isitokee. Hela ya usafiri iwe kando mapema, hasa kwa mlio milimani ambako mvua za Machi na Aprili zinafanya hata bodaboda igome.

Kitu kilichoniogopesha zaidi ni kifafa cha mimba. Kinawapenda wenye mimba ya kwanza, na wasichana wadogo zaidi. Kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo: ukiona hata moja, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Akianza degedege watatokea watu wa kusema ni majini. Wasikilizeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Vidonge vya kuongeza damu vinatia kichefuchefu na wasichana huvificha chini ya godoro. Vimezwe mbele yako, baada ya chakula. Na chakula kisiwe viazi na ndizi tu; maharage, dagaa na mboga za majani huku havikosekani.

Utasikia pia kwamba bibi zetu walizaa na miaka 15 na hawakufa. Waliokufa hawako kwenye kikao kutoa ushahidi.

Mtoto wa mama mdogo mara nyingi huzaliwa kabla ya siku zake au na uzito pungufu, na baridi yetu ya Juni na Julai haina huruma. Wetu alikuwa mdogo. Manesi walimfundisha mama yake kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kitenge na blanketi juu. Mimi na wifi tulipokezana kumbeba ili mama yake alale.

Kuhusu kijana, sheria ya elimu tangu 2016 ina kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, ndiyo maana familia nyingi zinaficha au zinamalizana kwa ng'ombe. Jambo hilo lina mahali pake, dawati la jinsia na watoto polisi. Binti asinyimwe kliniki kwa kuogopa kesi.

Shule bado ipo. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyejifungua arudi kwenye mfumo rasmi. Muoneni mkuu wa shule mapema, na kama anaona aibu pale, ombeni uhamisho. Asiyetaka sare tena aulizie vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Nzovwe kwa Mbeya mjini. Baadhi ya vyuo hivyo vina sehemu ya kulelea watoto mama akiwa darasani.

Kabla hajarudi masomoni, rudini kliniki kwa uzazi wa mpango, maana mimba ya pili inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarejea. Najua maneno yatakayosemwa: unamfundisha uhuni. Wetu alichagua kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kaka hakuulizwa, na sioni haja ya kumuuliza.