Polishi ya Mkono si Polishi ya Mashine: Majibu ya Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu rangi ya gari zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kati ya polishi zinazopangwa dukani, ipi inafaa? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaitegemea.

Ndugu mwandishi, nina Toyota nyeusi iliyotumika, niliyoiagiza kutoka Japani. Kila jua linapopiga boneti naona mikwaruzo midogo ya mviringo kama utando wa buibui. Nimekwenda Kariakoo nikaonyeshwa chupa tatu, moja bei yake ni mara nne ya nyingine, na muuzaji ananiambia zote zinang'arisha sawa. Sina mashine, na sina mpango wa kununua. Nichukue ipi kwa kazi ya mkono? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu yangu wa Tabata, muuzaji huyo hakukudanganya sana, ila hakukuuliza utasugulia nini, na hilo ndilo swali lililopaswa kutangulia bei.

Polishi halisi haifuniki mkwaruzo, bali inasaga rangi iliyo kandokando yake hadi kingo zake zishuke na mwanga usikwame tena. Gari nyingi za kisasa zina tabaka la klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, juu ya rangi, na unene wa klia hiyo kwa kawaida ni kati ya maikroni 35 na 50 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu hufika takriban maikroni 70. Unachosaga, kwa hiyo, ni chembamba kuliko unywele na hakirudi. Kuhusu utando wa buibui, hapo macho yanakuchezea: mikwaruzo yenyewe imeelekea kila upande, lakini jua huiangaza ile tu iliyokaa kulizunguka, ndiyo maana ukisogea hatua mbili duara nalo husogea pamoja nawe.

Sasa tuje kwenye chupa zenyewe. Ndani ya kila polishi mna chembe za kusagia, na chembe hizo zipo za tabia mbili. Kuna zinazovunjika kadiri unavyosugua, zikaanza kwa ukali na kumalizia kwa ulaini, na kuna zilizotengenezwa ndogo tangu mwanzo, ambazo hubaki na ukubwa uleule hadi mwisho. Aina ya kwanza inahitaji joto, kasi na mgandamizo wa mashine ili ivunjike ipasavyo. Mkono wa binadamu, hata uwe wa mpiga makasia, hauwezi kuifikisha mwisho wa safari yake, kwa hiyo chembe hubaki kali na kuacha ukungu wa kijivu juu ya rangi nyeusi. Hapo ndipo mtu hulaumu polishi ya bei kubwa, akaiita feki, kumbe ameitumia mahali isipotakiwa.

Kwa sababu hiyo nisingekushauri ununue kompaundi (polishi kali ya kusaga) nzito ya mashine, kwa mfano Menzerna Heavy Cut 400, kwa kazi ya mkono, ingawa kwenye mashine ni miongoni mwa zile ninazoziheshimu. (Angalia namba za Wajerumani hawa: kwao 400 ni kali, 2500 ni ya wastani na 3500 ni laini, sawasawa na namba za msasa, wala namba kubwa haimaanishi nguvu kubwa.) Kwa mkono ningechukua Ultimate Compound ya Meguiar's, ambayo chembe zake ni za ile aina ya pili na ambayo watengenezaji wenyewe wameikusudia itumike kwa mkono pia. Inakata, yaani inasaga rangi, kuliko unavyotarajia kwa chupa ya duka la kawaida, na kwenye rangi nyeusi inaacha ukungu mdogo ambao polishi laini ya kumalizia itauondoa.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Kwa mkono unahitaji dawa yenye ukali kidogo zaidi kuliko ambayo ungeitumia kwa mashine juu ya rangi ileile, kwa sababu nguvu ya kukata iliyokosekana kwenye mkono lazima itoke kwenye chupa. Anayenunua polishi laini kabisa ya kumalizia kwa kuogopa kuharibu gari, akaisugua Jumamosi nzima, atapata mng'ao na maumivu ya bega, lakini utando wa buibui utakuwa palepale.

Super Resin Polish ya Autoglym, ya Uingereza, iko katika kundi jingine. Ina chembe laini, ina vitu vya kujaza mikwaruzo na huacha kinga kidogo juu, hivyo kazi tatu humalizika kwa mzunguko mmoja. Kwa mtu anayetaka gari ipendeze bila kusaga klia nyingi ni chaguo la busara, mradi ajue kwamba sehemu ya uzuri huo ni ya muda. Makopo ya Turtle Wax yaliyoandikwa Rubbing Compound ni ya bei nafuu na yanakata kweli, lakini ningeyaweka kwa rangi iliyochakaa na kuwa kama chokaa, nisingeanza nayo kwenye rangi nyeusi laini.

Namna ya kufanya: osha gari, likaushe kivulini, na boneti iwe imepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukitoa. Chukua sponji ndogo ya kupakia, weka matone matatu yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, kisha ufanye kazi kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30 tu. Sugua kwa mistari iliyonyooka, kwanza kwenda mbele na kurudi, kisha kwa kukatisha, ukigandamiza kwa nguvu mwanzoni na kulegeza mwishoni. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, ukimulike kipande hicho kwa tochi ya simu. Kisiporidhisha, rudia mara moja zaidi kabla hujahamia kipande kingine. Mkwaruzo ambao kucha yako inakwama ndani yake uache, kwa maana ili uutoe utalazimika kuimaliza klia.

Usishtuke kitambaa kikitoka cheusi. Toyota nyingi nyeusi zenye namba ya rangi 202 zilipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia, na unachokiona kwenye kitambaa ni rangi yenyewe. Namba hiyo utaiona kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Rangi hiyo ni laini mno: hukwaruzika kwa kitambaa kikavu tu, na kwa bahati nzuri hukubali polishi ya mkono kuliko rangi ngumu za magari mengi ya Kijerumani.

Mwalimu, salamu kwako. Mimi ni fundi rangi, bado najifunza. Gereji tunatumia grainda ya kukatia chuma, tumeifunga pedi ya sufu. Nikiweka akiba ninunue mashine gani, na polishi zangu zibadilike? (Fundi, Mombasa)

Kijana wangu, grainda iache ikate chuma. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya rotari ya polishi hufanya kazi kati ya mizunguko 600 na 3,000. Hakuna polishi duniani inayoweza kusahihisha tofauti hiyo.

Rotari huzungusha pedi kwenye mhimili mmoja, hukata haraka na huzalisha joto kali. Mashine ya pili, ile inayozunguka huku ikiyumba, pedi yake huchora miduara midogo isiyojirudia, na ukiigandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka badala ya kuunguza. Chora mstari kwa kalamu ya wino pembeni mwa sahani ya kushikia pedi. Mstari ukionekana umesimama wakati mashine inanguruma, ujue unatetemesha tu, hukati. Kwa anayejifunza, ningenunua hii ya kuyumba. Rotari inakuja baadaye, kwa magari yaliyochomwa na jua la pwani miaka kumi.

Nasema hivyo kwa sababu nina kovu. Miaka ya nyuma nilimpigia shemeji yangu polishi kwa rotari, nikakaa kwenye kona ya boneti sekunde mbili zaidi ya ilivyotakiwa, na doa jeupe la ukubwa wa senti likatokea. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali inapokauka, kwa hiyo hapo huwa nyembamba kuliko popote. Tangu siku hiyo nafunika kila ukingo kwa maskingi tepu, hata kwa mashine ya kuyumba, na shemeji bado anaikumbuka kona ile kila tunapokula pilau.

Kuhusu polishi, hapa ndipo Menzerna 400 inapopata nafasi yake: iendeshe kwa muda wa kutosha hadi tabaka lake juu ya bodi liwe jembamba na uione rangi iliyo chini yake, usiifute ikiwa bado nzito. M105 ya Meguiar's ina tabia tofauti, inakata mapema sana lakini hukauka haraka na kutoa vumbi, jambo linaloudhi katika joto la Mombasa. Tumia kiasi kidogo na vipande vidogo, kisha umalizie kwa M205, ambayo ni laini na inakuvumilia kwa muda mrefu. Wengi hubadilisha chupa na kusahau pedi. Kompaundi ileile kwenye pedi ya sufu ni chombo kimoja, na kwenye sponji laini ni chombo kingine kabisa, hivyo kabla ya kununua chupa ya tatu nunua pedi tano za sponji za ukali tofauti. Zisafishe kwa brashi baada ya kila kipande, kwa kuwa pedi iliyojaa rangi iliyokauka haikati tena, inachora.

Jaribu kila mara kuanzia kwa laini. Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50, piga polishi laini kwa pedi laini, tazama kwa tochi, na uongeze ukali wa pedi kabla ya ukali wa dawa. Ukipata mchanganyiko unaotosha, gari lote lifanyie huo.

Kaka, nilimlipa fundi apige polishi gari langu la rangi ya maruni. Siku ya kulichukua liling'aa kama kioo. Baada ya kuoshwa mara tatu, mikwaruzo yote imerudi, tena na mistari mipya kama upinde wa mvua. Imekuwaje? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, dada yangu. Mikwaruzo haikurudi, kwa kuwa haikuwa imeondoka. Alitumia polishi yenye mafuta na vijazio, vikaingia kwenye mikwaruzo na kuificha, na sabuni ikavitoa kidogokidogo. Mistari yenye rangi za upinde ni alama za rotari iliyoachwa bila kufuatiwa na polishi laini. Nayo ilikuwapo siku ileile ya kwanza, chini ya mafuta.

Mara nyingine, kabla ya kulipa, mwombe fundi apanguse sehemu ndogo ya mlango kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya alkoholi kwa sehemu tano za maji, kisha amulike kwa tochi mbele yako. Kinachobaki hapo ndicho ulichokinunua. Gari lako linaweza kurekebishwa kwa polishi laini kwenye mashine ya kuyumba, bila kompaundi. Lakini ongea kwanza na mwenye kipimo cha unene wa rangi, kile kidude cha kielektroniki kinachobandikwa juu ya bodi, kwa maana hujui fundi yule amesaga kiasi gani. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kwa kawaida husoma kati ya maikroni 100 na 150. Paneli moja ikisoma chini kabisa ya wenzake, iache na uipake waksi tu.

Je, dawa ya meno inaweza kuwa mbadala wa polishi? (Msomaji, Nakuru)

Inasaga, ndiyo, lakini ukubwa wa chembe zake umepimwa kwa meno, na kila aina ina zake. Kwenye taa zilizofifia watu huitumia na wakaona nafuu ya wiki chache. Kwenye bodi itakuachia ukungu utakaokugharimu polishi halisi kuuondoa. Brasso nayo ni ya shaba. Ikiwa fedha ni kidogo, nunua chupa ndogo ya polishi ya mkono na sponji mbili, ufanye boneti mwezi huu na milango mwezi ujao.