Kabla Hujakoroga Saruji, Anza na Penseli

Methali ya ufa sote tunaijua, na nahisi ndiyo inayowaponza wengi: mtu akiona mstari ukutani anakimbilia mwiko. Mimi nachukua penseli. Naweka alama pale ufa unapoishia, juu na chini, naandika tarehe pembeni, kisha nauacha hadi msimu wa mvua upite na jua lirudi. Ukivuka alama, ujue ukuta bado unatembea, na chochote utakachojaza humo kitapasuka tena.

Vijiufa vyembamba vilivyotapakaa juu ya lipu havinikoseshi usingizi. Mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka mno. Ufa unaopanda ngazi ngazi kwa kufuata viungo vya matofali ni habari nyingine, kwani huenda msingi umetitia upande mmoja. Ukizidi milimita 5 hivi kwa upana, au milango ikianza kukwama, muite mhandisi kwanza.

Halafu kuna maji. Lipu ikibanduka sehemu ya chini, chini ya mita 1 hivi kutoka sakafuni, na kuacha unga mweupe, unga huo ni chumvi iliyobebwa na unyevu. Usiuoshe, maana maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu, kisha toka nje uangalie. Mara nyingi utakuta udongo wa bustani umelundikwa ukutani, au bomba la paa linamwaga maji pale pale kwenye msingi. Shusha udongo uwe sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, lile linalolazwa ndani ya ukuta karibu na msingi, elekeza maji mbali, na uuache ukuta ukauke. Itachukua muda mrefu kuliko unavyotaka.

Sasa kazi. Gongagonga lipu kwa mpini wa nyundo; panapolia kama debe tupu pameachana na tofali, bandua kwa tindo hadi ufike palipo imara. Viungo vilivyolika vikwangue kina cha milimita 20 hivi. Mota, yaani ule mchanganyiko wa kushikisha matofali, ikiwa ya juu juu tu haishiki. Futa vumbi lote, kisha lowesha. Tofali kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijashika, na kiraka kinatoka mkononi kama kilivyoingia.

Kwenye mchanganyiko ndipo ninapobishana na mafundi. Wengi huamini saruji ikizidi ndiyo nguvu. Lakini mota ikiwa ngumu kuliko tofali, ukuta ukijongea kidogo linalopasuka ni tofali lenyewe, na hilo kulibadilisha ni balaa. Kwa matofali ya kawaida mimi nachanganya saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Nyumba kongwe iliyojengwa kwa chokaa itengenezwe kwa chokaa, bila saruji kabisa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Na mota iliyoanza kuganda usiiongezee maji, itupe.

Lipu isizidi milimita 15 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Shimo likiwa na kina, piga mikono miwili, na ule wa kwanza uukwaruze ungali mbichi ili wa pili upate pa kushika. Baada ya hapo mwagilia kidogo kidogo kwa siku 7, na jua likiwa kali funika kwa gunia lililoloweshwa. Rangi isubiri hadi kiraka kikauke kabisa, la sivyo itavimba na utaanza kuikwangua upya.