Maswali na majibu: Kola gani ya darasa la mbwa?

Mwalimu, shikamoo. German Shepherd wangu wa miezi saba ananivuta mpaka bega linauma. Darasani nimeambiwa ninunue mnyororo wa kitanzi. Ninunue? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Usinunue. Kitanzi hukaba koo, na mbwa hajui kwamba amekabwa kwa sababu amevuta. Kama wakati huo alikuwa anamtazama mtoto anayepita, anaweza kuamini mtoto ndiye aliyemletea maumivu, na kesho anawabwekea watoto wote. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo. Kuwatuliza huchukua miezi.

Mbwa huvuta kwa kuwa kuvuta kunamfikisha anakotaka. Basi kusimfikishe. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, na kamba ya kama mita mbili. Akiikaza, simama kimya. Ikilegea hata kidogo, songa mbele na umpe kipande cha nyama hapo hapo karibu na goti lako. Siku ya kwanza hamtafika hata kwa jirani, lakini shikilia. Darasa likikulazimisha kitanzi, tafuta jingine.

Kola ya kawaida ikaze kiasi gani?

Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Kwa mtoto wa mbwa pima kila wiki, maana shingo inakua na kola haikui. Nimewahi kuikata kola ya nailoni iliyozama kwenye ngozi ya mbwa mchanga. Sitaki kuiona tena.

Mbwa wangu ni Pug, wale wadogo wa uso bapa. Avae nini?

Mkanda wa kifuani tu. Pua yake fupi tayari inampa taabu ya kupumua. Kola ibaki ya kubeba namba yako ya simu.

Na kola ya umeme, ile inayompiga mbwa shoti?

Hapana. Wales waliipiga marufuku tangu 2010.

Nikimpa nyama kila mara, si nitamdekeza? (Mama Neema, Nakuru)

La, mama, ukiigawa vizuri. Kipande kiwe kama punje ya mahindi, kitoke kwenye chakula chake cha siku, na kimfikie ndani ya sekunde moja. Hapo ndipo wengi wanapokosea: umemwambia kaa, amekaa, wewe bado unapapasa mfukoni; unapokitoa ameshasimama, na umemlipa kwa kusimama. Kishike mkononi kabla hujatoa amri. Akishakaa bila kukosea, nyama itoke mara moja moja, mara nyingine msifu kwa sauti.