Barua kwa mwanangu: gari la mjomba chini ya mkorosho

Lindi, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana jioni, nikaurudia usiku baada ya isha. Unasema Corolla ya marehemu mjomba wako, ile ya 1997, imekaa Mikindani chini ya mkorosho miaka minne bila kuguswa. Unayo milioni moja na laki mbili. Fundi anataka milioni mbili na nusu, ashushe injini kisha apige rangi. Unaniuliza: ulifufue, au uliuze chuma chakavu?

Lifufue. Gari lile ndilo lililobeba sanduku lako siku ulipokwenda bweni Masasi, na mjomba wako hakuwahi kulikosesha oili hata siku moja. Nikikumbuka alivyolitunza, siamini kwamba injini imekufa. Ila pesa yako usiitumie kwa mpangilio aliokupa fundi. Yeye ameanzia kwenye kuliwasha. Mimi nataka uanzie kwenye kulisimamisha.

Nikwambie kwa nini. Nilipokuwa dereva, tajiri wangu wa wakati ule alikuwa na kilori cha tani tatu na nusu. Mafuta ya breki hakuyabadilisha hata mara moja. Yakipungua tulikuwa tunaongeza tu, mapya juu ya machafu. Siku moja natoka Newala na magunia ya korosho, nateremka kuelekea Masasi, nakanyaga breki kila kona. Katikati ya mteremko pedeli ikaanza kuwa laini. Nikakanyaga tena, ikazama mpaka chini, kama nimekanyaga mto wa pamba. Nikapiga gia ya pili, injini ikalia, nikaingiza ya kwanza, nikaliegemeza ubavu kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Utingo alikuwa amesharuka na gogo lake, akaliweka mbele ya tairi. Hakuna aliyeumia. Lakini tulikaa pale chini kimya kwa muda mrefu, na mikono yangu ilikuwa haishiki hata kopo la maji.

Baadaye ndipo nikaelewa kilichotokea. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa. Ukikanyaga sana breki zinapata moto, yale maji yaliyojificha ndani yanachemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kwenye mvuke na tairi halipati kitu. Sasa fikiria gari lililokaa miaka minne Mikindani, hatua chache kutoka baharini, na wewe unataka kulipakia sare za shule ulipeleke Newala na Tandahimba wakati wazazi wameshika pesa za korosho. Hatari ni ile ile, mama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo. Fundi afungue tairi zote nne. Mbele aangalie kama pistoni za breki zinarudi ndani zikisukumwa, maana chumvi huzigandisha. Nyuma kuna madramu. Huko aangalie viatu vya breki na silinda ndogo kama zinavuja. Mipira ya ndani ibadilishwe yote, na hozi za mpira pia zikiwa na nyufa. Paipu za chuma zinazopita chini ya bodi wewe mwenyewe zifuate kwa kidole, toka mbele hadi nyuma. Ukikuta kutu iliyovimba, hiyo sehemu itakatika siku utakayokanyaga kwa hofu. Kisha mafuta yatolewe yote, yawekwe mapya, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo la breki kinavyosema, hewa itolewe kwenye breki, tairi moja baada ya jingine. Mwambie fundi akingie yale ya zamani kwenye chupa nyeupe. Mazuri huwa kama mafuta ya kula yaliyo safi. Nadhani utakayoyaona yatakuwa kama chai ya rangi iliyolala.

Tairi usidanganywe na kashata, yale meno yake ya juu. Za mjomba bado zina kashata nzuri, najua, alizinunua mwaka mmoja tu kabla ya kuugua. Lakini mpira unazeeka hata ukisimama, na jua la kwetu linauzeesha haraka. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Ukiona 2317, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Zikipita miaka sita ziangalie kwa wasiwasi. Zikifika kumi ni za kutupa, hata kama zinang'aa. Na ukiona nyufa ndogo ndogo kama miguu ya kuku, usihesabu miaka tena.

Hapo nimekwisha kula kama laki saba zako, na gari bado halijalia hata mara moja. Najua inauma. Vumilia.

Injini sasa. Vijana wa pale kwa mjomba watakushawishi mlisukume liwake. Wakatalie kabisa. Oili yote imeteremka chini, kuta za silinda zimekauka, huenda zina kutu nyembamba. Ukilizungusha kwa nguvu unaikwaruza injini nzima kwa dakika moja. Fanyeni hivi: toeni plagi nne, mmimine kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila tundu, mliache lilale mpaka kesho yake. Asubuhi weka gia huru, tia spana kwenye boliti ya puli ya mbele ya injini, uzungushe pole pole kwa mkono. Mwanzoni itakataa. Usiilazimishe kwa bomba refu, ongeza oili, subiri. Ikianza kwenda utaisikia kwenye kiganja, nzito lakini laini, kama kugeuza ugali wa watu wengi. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga mahali, mlipe fundi soda, na habari ya kushusha injini iishe hapo.

Kabla ya hapo, chomoa stiki ya oili uitazame. Nyeusi haina neno, inabadilishwa pamoja na filta. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi imekwenda, na hapo ndipo fundi atakuwa na haki ya kufungua. Nipigie siku hiyo hiyo, tutafikiri upya.

Petroli iliyomo itoke yote. Ukiinusa utakuta inanuka kama vanishi. Pampu ya gari hili imo ndani ya tenki, ikivuta ule uchafu itakufa, na nozeli zitaziba. Lita tano mpya zinatosha kwa majaribio. Taimingi belti nayo ibadilishwe bila mjadala. Ni ya mpira, imezeeka kama tairi, ikikatika injini inazima pale pale ulipo, na ukiwa katikati ya pori la Nanyamba usiku hiyo si habari ndogo. Rejeta isafishwe, utie kulanti. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, yanailia kwa ndani.

Betri usinunue bado. Azima ya jirani kwa siku ya majaribio. Gari likishawaka, fundi apime: likiwa linanguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya hapo alteneta haichaji vizuri, na betri mpya ungeiua kwa wiki moja. Waya mziangalie pia, panya wa Mikindani wanapenda kulala kwenye boneti.

Kuhusu spea za mtumba, sizichukii. Alteneta, stata, rejeta, taa, kioo, mlango, hivyo nunua vilivyotumika, ukivijaribu kwanza. Lakini pedi, viatu vya breki, hozi, tairi na boli jointi nunua vipya, na uende dukani mwenyewe. Fundi umlipe kwa kazi aliyofanya, na kila anachobadilisha akurudishie cha zamani mkononi. Usigombane naye. Ni kijana mzuri, anaona kazi mahali wewe unapoona safari, na wote wawili mna haki yenu.

Kabla ya yote hayo, lakini, lala chini ya gari na bisibisi. Hii ndiyo ningekuwa nimeisema mwanzo kabisa. Gonga na kuchoma mihimili ya chini, hasa mahali jeki inapokaa na mahali boliti za nyuma zinaposhika. Kutu ya juu juu inabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake chuma kinalia. Bisibisi ikipenya, hapo pachomelewe. Ikipenya mahali pengi mpaka unaona ndani, basi jibu langu linabadilika: liuze, mwanangu, na nitakusaidia kulibeba hilo moyoni.

Rangi acha. Taa, indiketa, honi na waipa viwe vinafanya kazi zote, trafiki atakusimamisha kwa hivyo na atakuwa sahihi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima. Kadi bado ina jina la mjomba, na kwa kuwa amefariki, msimamizi wa mirathi ndiye wa kuhamisha umiliki kwenye mamlaka ya mapato, TRA. Usianze kununua hata plagi moja kabla ya kukaa na mama yako na mama zako wakubwa na wadogo wa kule, binamu zako nao wakiwepo, wakakubali mbele ya wazee kwamba gari ni lako. Tukiwa wazima leo ni rahisi kuzungumza.

Laki mbili za mwisho usimwambie mtu yeyote kama unazo. Kitu ambacho hakuna aliyekitegemea kitaharibika wiki ya kwanza.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Nitakuja na spana zangu, jeki na mita ya volti. Wewe andaa kanga kuukuu mbili za kulalia chini, chupa nyeupe, na ufunguo. Kama haupo kwa mke wa mjomba, mwambie afungue lile kabati la kioo, kwenye bakuli la udongo. Mjomba wako aliniambia mwenyewe kwamba ameuweka humo.

Baba yako